Tiketi ya Maegesho Hospitalini: Ipi Ulipe, Ipi Uipinge

Mtu anayemkimbiza mgonjwa hasomi mabango. Anaegesha panapopatikana nafasi, anamshika mgonjwa mkono, na gari atalikumbuka baadaye. Akirudi anakuta kikaratasi kimebanwa kwenye waipa: deni la maegesho, kiasi, na chini yake tishio la faini asipolipa haraka. Wengi hulipa papo hapo kwa sababu wamechoka. Wengine hukichana na kuondoka. Anayelipa bila kuuliza huenda ametoa fedha asizodaiwa, na anayechana huenda anaacha deni halali likue.

Kijitabu hiki ni cha madereva, wagonjwa na wanaouguza katika mikoa ya Mbeya na Iringa. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inahudumia Nyanda za Juu Kusini, kwa hiyo gari lililotoka Tunduma au Sumbawanga usiku linaweza kushinda hapo hadi jioni. Iringa nako, wagonjwa wa Kilolo na Mufindi hupanda mlima kutoka Ipogolo kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyo katikati ya mji, ambako maduka, ofisi na hospitali vyote vinagombea nafasi zile zile. Penye uhaba wa nafasi, hakosekani mtu wa kuziuza.

Kwanza ujue anayekudai ni nani

Swali hili ndilo linaloamua mengine yote, na ndilo watu wanaloliruka. Tiketi tatu zinaweza kufanana kwa rangi na maandishi, kumbe moja ni ya barabara, nyingine ni ya hospitali, na ya tatu ni ya mtu binafsi mwenye kiwanja jirani au kampuni iliyopewa zabuni.

Ukiegesha nje ya uzio, kando ya barabara ya mji, uko kwenye eneo la umma. Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulianzishwa mwaka 2017, na mwaka 2021 ulianza kukusanya ushuru wa maegesho kwa mfumo wa kielektroniki. Mkusanyaji huingiza namba ya gari kwenye mashine ya mkononi na deni likabaki kwenye namba hiyo, hata kama dereva hakuonekana. Deni la namna hii hulikimbii kwa kuhama mtaa. Ukinunua gari la mkononi, deni la mwenye gari wa kwanza linaweza kukukuta wewe, kwa hiyo kagua namba ya gari kabla ya kulipia. Hoja ya kwamba "mimi sikukubali" haikusaidii hapa, kwa kuwa ushuru wa umma unatokana na sheria, hausubiri makubaliano yako. Kinachokusaidia ni ukweli wa tukio: namba ilikosewa, ulishalipa, saa zilizoandikwa si zako, au gari lilikuwa ndani ya uzio na si barabarani. Namba hukosewa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu herufi moja tu ikibadilika deni linahamia gari lingine.

Ukiegesha ndani ya uzio wa hospitali ya umma, fedha unayolipa ni ya Serikali hata kama anayeipokea amevaa kizibao cha kampuni. Tangu mfumo wa malipo ya Serikali wa GePG uanze mwaka 2017, malipo ya taasisi za umma hupitia kontrol namba, ile namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Akikuomba uweke noti mkononi mwake, au utume kwenye namba yake ya simu, mwombe kontrol namba kwa upole. Mwenye kazi halali haoni tabu kuitoa. Kama ukusanyaji amepewa mzabuni, hospitali ina mkataba naye, na katika mkataba huo viwango vimetajwa. Huna sababu ya kuona haya kumuuliza Mganga Mfawidhi kiwango halisi ni kipi.

Hospitali za binafsi na za mashirika ya dini, pamoja na viwanja vya watu vilivyo jirani na hospitali yoyote ile, zina utaratibu mwingine. Huko anayekudai ni mtu au kampuni, na dai lake linasimama juu ya mkataba kati yenu.

Ada na faini si kitu kimoja

Mwenye kiwanja ana haki ya kutoza ada ya kuegesha. Kama bango limeandikwa kiwango, ukaliona, ukaegesha, umekubali, na ni vyema ulipe. Kijitabu hiki hakimfundishi mtu kukwepa.

Faini ni kitu kingine kabisa. Mfanyabiashara hana mamlaka ya kumpiga mtu faini. Adhabu ya fedha hutolewa na mahakama au chombo ambacho sheria imekitaja, na kodi nayo, kwa mujibu wa Ibara ya 138 ya Katiba, haitozwi pasipo sheria. Kampuni ikiandika "faini Sh 50,000" kwenye tiketi yake, neno hilo halina nguvu ya faini. Tafsiri yake kisheria ni kwamba kampuni inadai fidia kwa kuvunjwa kwa mkataba, na fidia ina masharti yake.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ndiyo inayotawala hapa. Kifungu cha 10 kinataka mkataba ufanywe kwa hiari ya pande zote. Kwa hiyo bango lililofichwa nyuma ya mti, lililofutika kwa mvua, au lililoandikwa kwa Kiingereza kitupu mahali ambapo wengi ni wakulima kutoka vijijini, linaleta swali zito: ulikubali nini? Kifungu cha 74 kinakwenda mbali zaidi. Mkataba ukitaja kiasi cha kulipwa pale mmoja atakapokosea, mahakama humpa aliyekosewa fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi hicho. Kilichotajwa ni kikomo cha juu. Anayekudai hakipati chote kwa sababu tu alikiandika. Tuseme ada ni Sh 1,000 kwa saa nawe ulipitiliza saa mbili. Kampuni inayodai Sh 50,000 itatakiwa kueleza kwa nini kiasi hicho ni cha kuridhisha, na maelezo hayo si rahisi.

Wapo watakaokutajia mahakama za Uingereza. Tarehe 4 Novemba 2015, Mahakama ya Juu ya huko iliamua kwamba dereva Barry Beavis alipe kampuni ya ParkingEye pauni 85 kwa kupitiliza muda wa bure katika maegesho ya maduka mjini Chelmsford. Hukumu hiyo ni kweli, lakini isomwe yote. Mabango ya pale yalikuwa makubwa, mengi na ya kusomeka, na pale palikuwa dukani, si hospitalini. Isitoshe, sheria yetu ya mikataba ilijengwa kwa kuiga ile ya India ya mwaka 1872, na kifungu chetu cha 74 kimetoka huko. Uamuzi wa London unaweza kusomwa mbele ya hakimu wa Mbeya, ila haumfungi.

Mnyororo kwenye gurudumu

Jambo linalowaumiza watu zaidi ni gari kufungwa mnyororo au kuvutwa na brekidauni huku mgonjwa akisubiri kupelekwa nyumbani. Ukikuta hali hiyo, muulize aliyefunga akuonyeshe kwa maandishi sheria, sheria ndogo au amri ya mahakama inayomruhusu. Kwa deni la kawaida la mkataba, mtu anayedai huenda mahakamani, na anayekamata mali kwa amri ya mahakama ni dalali wa mahakama. Mlinzi wa geti si dalali.

Usikate mnyororo wala kuvunja kufuli. Kuharibu mali ya mtu ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na hapo kesi uliyokuwa unashinda inageuka kuwa kesi unayoshitakiwa.

Kama mgonjwa hawezi kusubiri, lipa, lakini lipa kwa namna itakayokuruhusu kudai. Andika kwenye tiketi au risiti, kabla hujaondoka: "Nimelipa kwa kulazimishwa, nimezuiliwa gari, sikubali deni hili." Weka saini na saa, kisha piga picha. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Mikataba kinahesabu kuzuia mali ya mtu isivyo halali kuwa shuruti, na kifungu cha 72 kinamtaka aliyepokea fedha kwa shuruti au kwa makosa azirudishe. Mstari huo mmoja wa kalamu una thamani kuliko nusu saa ya kugombana getini.

Ushahidi hukusanywa siku hiyo hiyo

Piga picha gari lilipo, bango kama lipo, na njia ya kuingilia kama bango halipo. Picha inayoonyesha kwamba bango halionekani kutoka kwenye kiti cha dereva ina uzito mkubwa. Tunza tiketi yenyewe, kadi ya mgonjwa na risiti za maabara na dawa, kwa kuwa risiti hizo zina saa na zinaonyesha ulikuwa ndani ukihudumiwa.

Saa nazo zina mtego. Mashine huandika 13:10, mtu akasoma "saa kumi na tatu" au akaihamishia vibaya kwenye daftari ikawa saa 3:10. Mabishano mengi ya kupitiliza muda yanaishia hapo. Linganisha saa ya tiketi na ya risiti ya hospitali kabla hujaandika chochote.

Anayepeleka uji asubuhi na chakula mchana na jioni aulize mapema kama tiketi moja inatosha kwa siku au kila kuingia ni malipo mapya. Na anayekodi Noah kutoka kijijini apatane na dereva kabla ya safari nani atalipa maegesho. Kwenye kiwanja binafsi, mkataba ni wa aliyeegesha. Mwenye gari aliyebaki nyumbani Mafinga hawi mdaiwa kwa sababu tu jina lake liko kwenye kadi ya gari.

Mwisho, dai risiti. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inamtaka anayeuza huduma atoe risiti ya kodi. Kampuni inayokusanya fedha siku nzima bila risiti ina mengi ya kuieleza TRA, na mara nyingi ukumbusho huo tu hubadilisha lugha ya mazungumzo.

Barua ya kupinga

Iwe fupi, isiyo na matusi, na upeleke nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Unaweza kufuata mfano huu:

Meneja, (jina la kampuni inayodai)
Nakala: Mganga Mfawidhi, (jina la hospitali)

YAH: KUPINGA DAI LA MAEGESHO, TIKETI NA. ……, GARI NA. T ……

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe …… saa …… nilimleta mgonjwa hospitalini na kuegesha gari eneo la ……. Nimekuta tiketi inayonidai Sh …….

Napinga dai hili kwa sababu …… (bango halikuonekana / namba ya gari si sahihi / muda uliorekodiwa si sahihi / kiasi kinachodaiwa hakilingani na ada). Nimeambatanisha picha na risiti.

Naomba mnipatie picha ya bango lililokuwepo siku hiyo, maelezo ya jinsi kiasi hicho kilivyopatikana, na nakala ya kibali au mkataba unaowaruhusu kukusanya. Niko tayari kulipa ada halali ya muda nilioegesha.

Naomba majibu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Sentensi ya kuwa tayari kulipa ada halali usiiondoe. Hakimu akiisoma ataona mtu anayetaka hesabu sahihi, si mkwepaji.

Barua isipojibiwa

Kwa hospitali za umma, panda ngazi. Hospitali za rufaa za mikoa na kanda ziko chini ya Wizara ya Afya. Za wilaya ziko chini ya halmashauri, kwa hiyo barua ya pili inaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri. Malalamiko dhidi ya taasisi za umma yanapokelewa pia kupitia mfumo wa e-Mrejesho. Kwa hospitali ya dini, andikia bodi yake. Uzoefu unaonyesha bodi hizi hujali jina lao kuliko kampuni ya maegesho inavyojali lake.

Tangazo linalodanganya, kama bango la "maegesho bure kwa wagonjwa" linalofuatiwa na tiketi, linaangukia Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003, inayokataza mwenendo wa kuwapotosha wateja katika biashara. Peleka malalamiko kwa Tume ya Ushindani, FCC.

Dai la fedha zako kurudishwa linaweza kufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako mashauri huendeshwa kwa Kiswahili. Pima kwanza: kwa Sh 2,000 nauli ya kwenda mahakamani itakushinda, lakini kwa Sh 100,000 za brekidauni inafaa. Asiye na uwezo amtafute msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza aliko. Huduma yake ni bure.

Na kama mtu wa getini atakwambia mambo yaishe kwa "kitu kidogo" bila risiti, hilo si suala la maegesho tena. Piga TAKUKURU namba 113. Simu hiyo haina malipo.