Karaoke ya baa ndogo: pesa ianzie kwenye maiki

Mwenye baa ana meza kumi na mbili Tabata, Dar es Salaam. Ukumbi wake una mita kama 6 kwa 9, sakafu ya vigae, kuta tupu, na juu ni mabati yasiyo na dari. Anataka kuanzisha karaoke siku ambazo wateja hupungua. Alinijia na karatasi aliyoandikiwa dukani: spika mbili za inchi 15, sabufa ya inchi 18, amplifaya kubwa, na mwisho kabisa, chini ya waya na stendi, maiki mbili za bei ya chini. Haya ndiyo aliyoniuliza na niliyomjibu.

Fundi, orodha hii ina ubaya gani? Nimeambiwa nikiwa na mitambo hiyo mtaa mzima utanisikia.

Mtaa mzima ukikusikia, dada yangu, una kesi na majirani, na hilo tutalifikia. Orodha hii ni ya disko. Disko inapiga wimbo uliokwisha kusawazishwa studio, kazi ya spika ni kuutoa tu. Kwenye karaoke kuna mtu aliyesimama na maiki, hajawahi kufundishwa kuishika, amekunywa bia mbili na anaimba mbele ya wenzake wa kazini. Akijisikia vizuri, ataimba vizuri kuliko alivyotarajia, meza yake itampigia makofi, na wiki ijayo atakuja na watu wengine. Asipojisikia, atalazimisha koo, sauti itapasuka, ataona haya, na hataigusa maiki tena. Biashara yako yote inategemea dakika zile nne. Kwa hiyo naigeuza karatasi juu chini: maiki kwanza, kisha miksa, kisha spika, na sabufa ibaki dukani kwa sasa.

Haya, maiki ipi?

Chukua maiki ya dainamiki yenye mfumo wa kadioidi, maana yake inachukua sauti iliyo mbele yake na karibu haichukui kabisa iliyo mgongoni. Maiki za kondensa, zile za studio, zina wepesi mno wa kusikia. Kwenye ukumbi wako zitabeba glasi, vicheko na feni.

Kipimo cha kazi hii kwa miaka mingi kimekuwa Shure SM58, iliyoanza kuuzwa mwaka 1966 na bado ipo majukwaani duniani kote. Inavumilia kuangushwa, na wateja wako wataiangusha. Shida ni kwamba inaigwa mno. Bei yake Marekani huzunguka dola 100, hivyo ukiuziwa kwa robo ya hapo, umeuziwa jina tu. Beba mizani ndogo ya jikoni: ya kweli ina uzito wa gramu 298 hivi, na nyingi za bandia ni nyepesi kwa namna utakayoihisi mkononi. Mfuko usiporuhusu, Behringer XM8500 ni ya bei nafuu zaidi na inafanya kazi ya heshima. Afadhali ya bei ya chini iliyo halali kuliko ya bei kubwa iliyo bandia.

Jambo moja dogo: nunua isiyo na swichi. Mteja akizima maiki bila kujua, nusu ya wimbo itapotea watu wakipapasa waya. Kuzima na kuwasha kufanyike kwenye miksa.

Wateja wanapenda kuzunguka nayo mezani. Nisichukue zisizo na waya?

Chukua mbili zisizo na waya, lakini ya waya iwepo jukwaani siku zote. Tafuta za UHF zinazoweza kubadilishwa masafa, kwa sababu masafa hayo Dar yana msongamano: runinga ya dijitali iko humo, na sehemu ya juu ya UHF imegawiwa simu za mkononi. Ukikuta mkwaruzo unabadilisha chaneli na kuendelea. Zile za 2.4 GHz zinagombea hewa na waifai yako mwenyewe, na wateja wote wana simu. Kipokezi kikae mahali panapoonekana kutoka jukwaani, kisifichwe nyuma ya friji, maana chuma huzuia mawimbi. Na betri ziwe za kuchaji, seti mbili, moja ikiwa kwenye chaja muda wote.

Miksa nayo ya nini? Si kuna spika zenye matundu ya maiki?

Zipo, na kwa sherehe ya nyumbani zinatosha. Kwenye baa unahitaji kumshusha anayepiga kelele kwenye maiki na kumpandisha aliye na sauti ndogo, kila mmoja peke yake, bila kugusa muziki. Miksa ndogo yenye eko ndani yake inatosha. Kwa mfano Yamaha MG10XU ina nafasi nne za maiki na aina 24 za eko na madoido mengine. Inabeba maiki zako tatu, laptopu, na inabaki nafasi.

Mfundishe mtu mmoja, awe wa kaunta au mhudumu mwenye sikio, vitu vitatu. Kwanza, mtu aimbe kwa nguvu zake zote, kisha kirungu cha juu kabisa cha chaneli ya maiki kwenye miksa kipandishwe mpaka taa nyekundu ianze kupepesa, halafu kirudishwe kidogo. Pili, kitufe kidogo chenye alama ya 80 kibonyezwe kwenye chaneli ya kila maiki: kinakata nguruma za chini ya 80 Hz, yaani vishindo vya mkono, upepo wa feni na pumzi, ambavyo hakuna mwimbaji anayevihitaji. Tatu, eko. Watanzania tunapenda eko, na ni kweli inamfunika anayeyumba kidogo na kumpa ujasiri. Ikizidi, maneno yanapandana na hakuna anayeelewa anaimba nini, hasa humo mwako ambamo mabati na vigae vinatengeneza mwangwi wao wenyewe. Ongeza mpaka uisikie, kisha punguza kidogo. Mtu akianza kutangaza siku ya kuzaliwa ya rafiki yake, izime kabisa.

Spika basi. Wati ngapi?

Wati ndizo zinazowapotosha watu. Ukiongeza nguvu maradufu, toka wati 200 hadi 400, unapata desibeli 3 tu zaidi, tofauti ambayo sikio la kawaida huiona kwa shida. Ili masikio yaseme sauti imekuwa mara mbili, unahitaji nguvu mara kumi. Tena namba kubwa iliyobandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ile ya PMPO, ambayo haina maana yoyote kwa kazi. Tafuta nguvu ya mfululizo, iliyoandikwa RMS.

Kwa ukumbi wako, spika mbili zenye amplifaya ndani, za inchi 10 au 12, zinatosha na kubaki. Sauti ya binadamu iko katikati ya masafa, na spika ya inchi 10 iliyotengenezwa vizuri inayatoa maneno safi kuliko ile ya 15 ya bei rahisi inayovimbisha besi. Ziweke juu ya stendi, mdomo wake ukiwa juu kidogo ya vichwa vya walioketi, ili meza ya mbele isizibwe masikio huku ya nyuma ikikosa.

Maiki zikianza kupiga mluzi? Baa ya jirani hali ni hiyo kila wiki.

Mluzi ni mzunguko. Sauti inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena, mpaka masafa fulani yanalipuka. Wengi hukimbilia kununua mashine ya kuukata. Mimi naanza na fenicha.

Spika zisimame mbele ya mstari anaposimama mwimbaji, zikitazama wateja, kiasi kwamba yeye yuko nyuma ya spika hizo. Kosa ninaloliona sana ni jukwaa kuwekwa ukutani na spika kutundikwa pembeni nyuma ya mwimbaji, maiki ikizitazama uso kwa uso. Hapo hata mashine ya bei gani haitakuokoa.

Sasa mwimbaji aliye nyuma ya spika hajisikii, ndiyo maana naomba monita: spika moja ndogo sakafuni mbele yake, ikimtazama usoni. Maiki ya kadioidi ni kiziwi nyuma yake kabisa, hivyo monita ikikaa upande wa mkia wa maiki unaweza kuipandisha vya kutosha. Kama maiki yako ni ya aina ya superkadioidi, ukiziwi wake uko pembeni nyuma, na monita isogezwe pembeni kidogo. Kipande hiki cha mtambo ndicho watu hukiacha ili kubana matumizi, na ndicho kinachobadilisha uimbaji wa watu kuliko vyote.

Halafu mkono. Vijana hupenda kufunika kichwa cha maiki kwa kiganja kama wasanii wa rap kwenye video. Wakifanya hivyo wanaziba matundu ya nyuma yanayoipa maiki ukiziwi wake, inaanza kusikia kila upande, na mluzi unakuja papo hapo. Anayeongoza karaoke awaonyeshe kwa upole: shika mpini, vidole viwili toka mdomoni.

Tundika pia mapazia mazito ukuta wa nyuma, na ukiweza funga dari chini ya mabati. Si urembo tu, yanapunguza sauti inayorudi.

Laptopu naweza kuunganisha kwa Bluetooth ili nisiwe na waya?

Usifanye hivyo. Bluetooth huchelewesha sauti kwa zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde mara nyingi, na hapo maneno kwenye skrini na muziki haviendi pamoja. Waya toka laptopu uende moja kwa moja kwenye miksa, picha iende kwenye runinga kwa HDMI. Runinga nyingine nazo huchelewesha picha zinapoipamba. Iweke yako kwenye mpangilio wa gemu. Weka na skrini ndogo mbele ya mwimbaji, asilazimike kuwapa watu mgongo ili asome.

Ukisikia mvumo wa nzi laptopu inapochajiwa, chomeka mitambo yote kwenye soketi moja yenye ethi ya kweli, na ukibaki tumia kisanduku cha DI kati ya laptopu na miksa. Ethi ni ya lazima kwa sababu nyingine kubwa zaidi: mwimbaji anagusisha midomo kwenye chuma. Fundi umeme aikague kabla ya usiku wa kwanza.

Nyimbo nitoe wapi?

YouTube ina nyingi, ila tangazo likiingia katikati ya shamrashamra, au bando likikata, unaua usiku. Programu ya kulipia kama KaraFun inakuruhusu kushusha au kupandisha ufunguo wa wimbo, na hilo ni zawadi kubwa kwa mwanamume anayetaka wimbo wa kike. Kwa bongo fleva na zilipendwa utahitaji kukusanya ala mwenyewe, taratibu. Kumbuka pia kupiga nyimbo mbele ya wateja ni matumizi ya hadhara, na sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inataka kibali. Uliza Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, kabla hujaulizwa.

Na majirani?

Hapa ndipo ninapofurahi kwamba sabufa imebaki dukani. Besi hupenya ukuta wa tofali na kufika chumbani kwa mtoto aliyelala, sauti za juu hubaki ndani. NEMC, wasimamizi wa mazingira, ina kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti kelele na mitetemo, zenye viwango tofauti vya mchana na usiku, na imewahi kuzifungia baa. Spika ziuelekee ukuta usio na nyumba, na baada ya saa nne usiku shusha. Ndani pia, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2022 kumbi zisizidi wastani wa desibeli 100 kwa dakika 15. Kwako hutahitaji hata kuikaribia: kama mtu wa meza ya mbele hawezi kuagiza bila kumfokea mhudumu, unapoteza mauzo.

Fedha niliyonayo haifiki yote. Nianze na nini?

Maiki mbili nzuri za waya, miksa, spika moja ya inchi 12 yenye amplifaya ndani, na stendi yake. Pato la mwezi wa kwanza linunue monita, kisha spika ya pili, kisha maiki zisizo na waya. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji afunge vitu palepale dukani, uende na mtu asiyejua kuimba, na aimbe wimbo mzima huku wewe umesimama mita sita mbali. Sikiliza kama unayapata maneno yote. Usipoyapata, rudisha pochi mkobani na uende duka la pili.