Jumanne: Kanisa Lililo Nyumbani Mwao

Soma Matendo 18:24–28. Prisila na Akila walimsaidiaje Apolo?

Apolo alikuwa hodari katika Maandiko, lakini aliujua ubatizo wa Yohana tu. Prisila na Akila walipomsikia katika sinagogi la Efeso hawakumsahihisha mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza kwa usahihi zaidi. Baadaye akawa msaada mkubwa kwa waamini wa Akaya. Washona hema hawa walikuwa na kanisa nyumbani mwao (1 Wakorintho 16:19, Warumi 16:3–5).

Muumini mpya ana maswali anayoona haya kuyauliza kanisani: afanyeje akipangiwa zamu siku ya Sabato? Amjibuje mama mkwe aliyempikia chakula ambacho sasa hali? Kiongozi anayejibu kabla ya kusikiliza humfunga mdomo, na wiki ijayo kiti chake huwa kitupu. Basi kikundi kiwe kidogo, lisomwe fungu moja, kila mmoja aseme, na yaliyosemwa nyumbani yabaki nyumbani.

Tafakari: Ni nani aliyebatizwa karibuni ambaye hajawahi kuketi sebuleni kwako? Utamwalika lini?