Usuli wa Tungo za Muyaka: Wamazrui na Seyyid Said

Huwezi kuzielewa tungo za vita za Muyaka bin Haji bila kujua Mombasa iligombana na nani. Wamazrui waliitawala kutoka Ngome ya Yesu kwa niaba ya Oman. Ukoo wa Busaidi uliposhika hatamu huko, wakakataa kuutii. Seyyid Said alipoidai Mombasa, Muyaka alisimama nao. Kwa hivyo, ukiulizwa kuhusu nafsineni, usiishie kwenye “mzalendo”: huyu pia ni swahibu wa watawala, na kejeli yake ina upande. Mwaka 1837 Said aliitwaa Mombasa, na vigogo wa Wamazrui wakakamatwa na kuhamishwa ng’ambo. Muyaka alifariki yapata 1840. Je, ni tungo zipi zinazoelekea kuwa za miaka hiyo ya mwisho? Toa ithibati.