Chupa Kuukuu ya Dawa: Kufundisha Historia kwa Kitu Kinachoshikika

Utangulizi

Mwalimu anayeanza kazi mara nyingi hudhani kuwa historia hukaa vitabuni tu. Huingia darasani na tarehe zake, akaziandika ubaoni, wanafunzi wakazinakili, na kipindi kikaisha bila mtoto kuuliza swali. Katika makala haya tunapendekeza njia nyingine, yaani kuanza na kitu, kukichunguza, kisha kutafuta habari za watu waliokitengeneza. Mfano wetu ni chupa za wauza dawa wa Marekani wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20.

Habari anazopaswa kuzijua mwalimu

Mjini Millville, katika jimbo la New Jersey, kiwanda cha vioo kilianzishwa mwaka 1806. Mchanga mzuri na kuni za misitu ya karibu vilikifaa sana. Mwaka 1838 nahodha wa zamani wa meli, John M. Whitall, alijiunga na kazi hiyo, na hatimaye kampuni ikajulikana kwa jina la Whitall Tatum. Herufi W.T.Co. zilizopigwa kitakoni mwa chupa nyingi za dawa ni alama yake. Kampuni hiyo iliuzwa mwaka 1938.

Chupa hizo zilipulizwa kwa pumzi ya mtu. Fundi alichota kioo kilichoyeyuka kwa bomba la chuma, akakitia katika kalibu, akapuliza. Baadaye mdomo wa chupa ulimalizwa kwa mkono. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, mafundi walitumia kalibu zenye bamba linaloweza kubadilishwa. Hivyo hata mwuza dawa wa mji mdogo aliweza kuagiza chupa zenye jina lake na la mji wake, bila kugharimia kalibu nzima.

Chupa za sumu zilitengenezwa kwa namna ya pekee. Nyingi zilikuwa za rangi ya buluu iliyoiva, inayotokana na madini ya kobalti, na zilikuwa na mistari au vinundu ubavuni. Mgonjwa aliyepapasa gizani alionywa na vidole vyake. Lakini si kila hatari ilionekana kwa umbo la chupa. Dawa ya kutuliza watoto wachanga, iliyoitwa Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ilikuwa na mofini ndani yake. Sheria ya mwaka 1906 ndiyo iliyowalazimisha watengenezaji kutaja kwenye lebo vitu kama kileo, afyuni na mofini.

Tusisahau pia mikono ya watoto. Wavulana walishika kalibu mbele ya tanuri na kubeba chupa za moto, na baadhi yao walifanya kazi usiku kucha. Kuanzia mwaka 1908, Lewis Hine, aliyekuwa mwalimu mjini New York, alisafiri akiwapiga picha ili taifa lione hali yao. Michael Owens, aliyezaliwa mwaka 1859, alianza kazi katika kiwanda cha vioo akiwa na umri wa miaka 10. Mwaka 1903 mashine yake ya kutengeneza chupa bila mpulizaji ilikuwa tayari. Mashine hiyo iliwaondolea wavulana wengi kazi hiyo ngumu, lakini iliwanyang'anya mafundi wapulizaji riziki yao.

Hatua za somo

1. Mwalimu alete chupa 2 au 3 za kioo alizoziosha vizuri, zisizo na ufa. Wanafunzi wasitumwe kuokota chupa majalalani.

2. Wanafunzi wautafute mshono ubavuni kwa macho na kidole. Katika chupa za mashine mshono hupanda hadi mdomoni.

3. Mwalimu achore ubaoni chupa ya kale, ambayo mshono wake hukoma shingoni. Aulize, "Kwa nini mshono umekoma hapa?" Asiharakishe kujibu. Mtoto akigundua mwenyewe kuwa mdomo ulimalizwa kwa mkono, hatasahau.

4. Ndipo mwalimu asimulie habari za Millville, za wavulana wa tanurini na za Owens.

5. Wanafunzi wajadiliane: Je, mashine ilileta heri au shari? Kila upande utoe sababu.

Jambo la kutilia mkazo

Somo hili lisiishie ng'ambo. Katika nyumba nyingi mafuta ya taa hutiwa katika chupa ya soda, na mtoto mwenye kiu hawezi kutambua tofauti. Waliotengeneza chupa za buluu zenye vinundu walikwisha kuelewa kuwa chombo chenyewe kinapaswa kuonya. Wanafunzi wapewe kazi ya kuwaeleza wazazi wao, kwa adabu, kwa nini sumu isihifadhiwe katika chupa ya kinywaji, na kwa nini iwekwe mahali ambapo watoto hawafiki.

Zoezi kwa wanachuo

Chagueni kitu kimoja cha kawaida, kama vile jembe, kibatari au sufuria. Andikeni maswali 5 ambayo mwanafunzi anaweza kuyajibu kwa kukitazama na kukigusa tu, kisha maswali 3 yanayohitaji kuwauliza wazee au kusoma. Mkiweza kupanga maswali hayo kwa utaratibu mzuri, mmekwisha kupata andalio la somo.