Ethanoli kwenye Subaru ya turbo

SWALI: Msomaji wa Tukuyu ana Subaru Impreza ya turbo. Je, mafuta yenye ethanoli nyingi yataongeza nguvu kwenye milima ya Rungwe?

JIBU: Yataongeza, mradi gari liandaliwe. Tukuyu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 15 ya nguvu. Turbo huziba pengo hilo. Ethanoli nayo hupoza hewa inayoingia na kuzuia injini kugonga, hivyo fundi anaweza kuongeza presha ya turbo.

Tatizo ni ulaji. Kilo moja ya petroli huungua na kilo 14.7 za hewa. E85, yenye ethanoli asilimia 85, huhitaji kama 9.8 tu. Nozeli na pampu lazima zipitishe karibu nusu zaidi ya mafuta kwa uzito, na kontroboksi ipangwe upya. La sivyo, pistoni zinaweza kutoboka.

Tatizo la pili ni upatikanaji. Miaka ya 1980 Kenya ilichanganya petroli na ethanoli ya molasi kutoka Muhoroni, kwa kiasi kidogo. Sheli za Tukuyu haziuzi E85, na spiriti ya dukani haifai kuwa mbadala kwa kuwa ina maji.

Kwa hiyo, msomaji aendelee na petroli safi.