Kumi Kwa Wawili
Somo: Hesabu 13–14

Wapelelezi walikuwa 12. Kumi walisema hatuwezi. Kalebu na Yoshua wakasema tunaweza. Umati ukataka kuwapiga hao wawili mawe. Wengi walishinda kura, lakini Kanaani hawakuingia.

Lakini sikiza: hata Kalebu alingoja. Alitumwa akiwa na miaka 40. Alipopewa Hebroni alikuwa na 85 (Yoshua 14). Alizunguka jangwani na watu waliotaka kumuua, na hakugeuka kuwa kama wao.

Kwa hivyo kazini wakikuambia, “Ongeza tu bei kwa risiti, kila mtu anafanya,” kataa. Watakununia. Pengine hata cheo kitakupita. Ahadi ya Mungu inaweza kukawia, lakini haipigiwi kura.

Swali la wiki: ni wapi umenyamaza kwa sababu wengi wamesema?