Huyo "il" usimtafute

Mdogo wangu wa Marangu ameuliza: huyo "il" kwenye "il pleut" ni nani? Si mtu, mpenzi. Kifaransa hakipendi kitenzi kisimame bila kiima, kwa hiyo mvua ikinyesha na hakuna wa kulaumiwa, wanaweka "il" ijaze nafasi. Na nyie wengine mnaojifunza ili mpandishe wageni mlimani, sogeeni, hii ni nafuu yenu. Kitenzi cha lazima, "falloir", kina nafsi hiyo moja tu: "il faut" leo, "il a fallu" jana, "il faudra" kesho. Hakuna "je" wala "nous" ya kukariri.

Kazi ya mlima karibu yote ni hali ya hewa, muda na lazima. Msituni "il pleut", Horombo "il y a du vent", kileleni kwenye mita 5,895 "il fait très froid". Ila baridi ya hewa ni "il fait froid", na inayokutetemesha wewe ni "j'ai froid". Wasichana mnaoanza kuongoza, mkisikia joto semeni "j'ai chaud". Ukisema "je suis chaude" umemtangazia mgeni mambo ya chumbani, na njia bado ni ndefu.

Usiku wa kutoka Kibo mgeni ataulizia muda kila baada ya kona. "Il reste trois heures." Saa ni tatu, kitenzi ni umoja vilevile.

Sasa "il faut" yenyewe, maana hapa ndipo ninapowaona mkikwama. "Vous devez boire" inamnyooshea kidole mtu mzima aliyelipa hela yake. "Il faut boire" haimtaji. Ni sharti la mlima, na wewe mwenyewe umo. Ukitaka kumshauri tu, akubali au akatae, ipo "il vaut mieux": "il vaut mieux marcher lentement". Lakini mgeni akianza kuyumba kama mlevi na kuongea ovyo, hapo hakuna kubembeleza. "Il faut descendre. Maintenant." Anune akinuna, mtashuka.

Ukiongeza "que", kitenzi kinachofuata kinabadilika umbo: "il faut que vous buviez". Mpaka uzoee, achana nayo. Weka kitenzi kama kilivyo kwenye kamusi, "il faut boire", na hakuna mgeni atakayekusahihisha.

Msishtuke tu mkiwasikia wenyewe wakiimeza hiyo "il": "faut y aller", "y a pas d'eau?" Ndivyo wanavyoongea kwao. Huko njiani semeni hivyo hivyo mkitaka, ila kwenye karatasi ya mtihani andikeni "il n'y a pas d'eau", yote, mwalimu asipate pa kukata alama.